Kataeni, lakini semeni kwamba mmekataa

Foleni ya Dar es Salaam ina jambo moja jema: inaonekana. Ukikwama Mwenge jioni, unajua umekwama. Unapiga simu nyumbani, watoto wale chakula, wasikusubiri, kisha unaamua kushuka utembee au kuchukua bodaboda. Mvua zikijaza maji Jangwani na mabasi ya mwendokasi yakasimama, habari inaenea mjini kabla hujavaa viatu, nawe unapanga siku yako upya. Ni kero kubwa na tumeichoka, lakini angalau unaikabili ukiwa unaiona.

Muda unaoniuma zaidi ni ule unaoliwa mwenyewe akiwa hana habari. Mtu amekaa anasubiri jibu. Jibu haliji, na haliji kwa sababu swali lake, alilolituma kwa baruapepe, lilizuiwa na chujio la kompyuta na halikumfikia mtu yeyote.

Nina steshenari Sinza. Tunatoa kopi, tunaprinti, tunaskani, na siku hizi sehemu kubwa ya kazi ni kutuma baruapepe kwa niaba ya watu. Kijana anakuja na CV kwenye flashi. Mama lishe aliyepata nafasi ya kupika kwenye semina anataka kuandikiwa profoma, ile karatasi ya bei inayotangulia kazi. Fundi wa madirisha ya aluminiamu ana picha za kazi zake kwenye simu na kuna mradi umemwomba azitume. Tunaandika barua fupi ya kusindikiza, tunabandika viambatisho, tunabonyeza. Programu inasema imetumwa. Mteja ananiuliza, "Dada, imefika?" Swali hilo siwezi kulijibu kwa uhakika, kwa sababu ninachokiona mimi ni kwamba imetoka kwangu. Ilipoishia sipaoni.

Kuna mama mmoja wa Mbagala, fundi cherehani, mwenye mkono mzuri kwelikweli. Taasisi moja ilimwomba profoma ya sare za wafanyakazi wake. Tukaituma mapema, siku ya mwisho ikiwa bado mbali. Kimya. Alisubiri, akaogopa kupiga simu asije akaonekana msumbufu, mwisho akajiambia bei yake ndiyo iliyomponza. Kazi iliyofuata, ya mteja mwingine kabisa, akashusha bei hadi akashona kwa hasara. Baadaye alifunga safari ya daladala kwa kuunganisha, Mbagala mpaka Masaki, kwenda kuuliza tu. Dada wa mapokezi alikuwa muungwana, akafungua mbele yake folda ya spamu, ambamo kompyuta hutupia barua inazodhani ni taka. Profoma ilikuwa humo, imelala vilevile tulivyoituma, haijafunguliwa. Kazi ilikuwa imeshapewa mtu mwingine.

Hasara ya mama yule haikuishia kwenye nauli na siku iliyopotea. Alihukumiwa na mashine, akadhani amehukumiwa na watu, na kwa hukumu ile akaibadilisha biashara yake. Nimeona hali hiyohiyo kwa vijana wanaotafuta kazi. Mtu anatuma maombi kumi hajibiwi hata moja, anaanza kuamini kwamba shahada yake haina thamani. Huenda baadhi ya maombi hayo hayakusomwa na binadamu.

Sisemi machujio, zile programu zinazochambua barua na kuzuia taka, yaondolewe. Taka za baruapepe ni tatizo la kweli na la siku nyingi. Tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, mtu wa masoko wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation huko Marekani, alituma tangazo moja kwa karibu watu 400 waliokuwa kwenye mtandao wa ARPANET, uliotangulia intaneti, na wengi wanahesabu hiyo kuwa spamu ya kwanza. Tangu hapo mlango haukufungwa tena. Bila chujio, sanduku la barua la ofisi yoyote lingezama kwa siku chache.

Lakini ni vizuri kujua chujio linaamuaje, maana watu wengi wanafikiri linasoma barua na kuielewa. Chukua SpamAssassin, programu ya bure iliyoanza mwaka 2001 na ambayo bado iko kwenye seva nyingi, yaani kompyuta zinazotuma na kupokea barua. Inatoa alama. Neno fulani lina alama zake, kiungo cha namna fulani kina zake, kichwa cha barua chenye herufi kubwa tupu kina zake. Zikijumlishwa zikafika 5, kiwango inachokuja nacho, barua inaitwa spamu. Msimamizi wa seva anaweza pia kuorodhesha lugha anazozitarajia, na barua iliyoandikwa kwa lugha nyingine ikaongezewa alama kwa sababu hiyo tu. Fikiria makao makuu ya shirika yako nje ya nchi, msimamizi ameweka Kiingereza na Kifaransa, kisha mzee wa kijiji anaandika kwa Kiswahili safi kueleza kisima kilichoharibika. Ameanza na deni kabla hajatoa salamu.

Halafu kuna orodha nyeusi. Mwaka 1997 Paul Vixie, mtaalamu wa mtandao wa Marekani, alianzisha orodha ya anwani za IP (namba zinazotambulisha kompyuta mtandaoni) zinazotuma taka, ili seva yoyote iweze kuiuliza kabla ya kupokea. Wazo zuri. Ila wafanyabiashara wadogo wa hapa hununua huduma ya bei nafuu ya tovuti na baruapepe, ambako seva moja na anwani moja ya IP vinahudumia wateja wengi sana. Mmoja wao akidukuliwa, akaanza kumwaga taka usiku, anwani inaingia kwenye orodha na wote waliomo wanaadhibiwa naye. Mwenye duka la vipuri Kariakoo hajui kwa nini wateja wake wa Nairobi wameacha kumjibu. Anasema biashara imekuwa ngumu.

Sheria zenyewe nazo zimekaza. Kuanzia Februari 2024, Google na Yahoo wanataka kila mtumaji awe na uthibitisho wa SPF au DKIM kwenye kikoa chake, yaani jina lake la mtandaoni linalofuata alama ya @, na wanaotuma barua nyingi (kwa Google ni 5,000 au zaidi kwa siku) wawe na vyote viwili pamoja na DMARC. Kwa maneno mepesi: SPF ni orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako, DKIM ni sahihi ya kidijitali inayowekwa juu ya barua, na DMARC ni maelekezo kwa mpokeaji afanye nini barua isipopita vipimo hivyo. Mambo haya hupangwa mara moja tu, na fundi anayejua hachukui muda mrefu. Lakini nani amemwambia mwenye duka la vipuri? Aliyemuuzia kikoa alichukua hela akaondoka.

Yote hayo ningeweza kuyavumilia. Nisichokubaliana nacho ni ukimya.

Seva mbili zinapozungumza, ile inayopokea hujibu kwa namba. 250 ni kwamba nimekubali. Namba zinazoanza na 4 ni kwamba jaribu tena baadaye. 550 ni kwamba nimekataa, na ikisemwa hiyo, seva ya mtumaji inamwandikia mwenyewe palepale kwamba barua yako imegoma. Kwa hiyo uwezo wa kukataa kwa sauti upo, ulikuwemo tangu utaratibu huu ulipoandikwa mwaka 1982. Toleo la mwaka 2008 la utaratibu huo, RFC 5321, linazungumzia jambo hili waziwazi: kuitupa barua kimyakimya kufikiriwe tu pale ambapo kuna uhakika mkubwa sana kwamba ni ya ulaghai au haifai kabisa. Uhakika mkubwa sana. Profoma ya sare yenye jina, anwani, namba ya simu na namba ya mlipakodi (TIN) haifikii hapo.

Mlinzi wa getini akikwambia bosi hapokei mgeni bila miadi, unaudhika, lakini unageuza na siku yako inaendelea. Mlinzi anayepokea bahasha yako kwa heshima zote, akangoja ugeuke, akaitupa mtaroni, huyo amekudhulumu. Machujio mengi yamewekwa yawe mlinzi wa pili.

Najua hoja ya mafundi. Wanasema ukirudisha barua kwa mtumaji, na matapeli hughushi anwani za watu, utakuwa unamrushia taka mtu asiyehusika. Ni kweli, ikiwa umeshaipokea barua ndipo ukakumbuka kuirudisha. Ukiikataa mlangoni, mazungumzo ya seva yakiwa bado yanaendelea, tatizo hilo linapungua sana, maana unayemjibu ni yule aliye mbele yako. Wanasema pia kwamba kumwambia tapeli amekataliwa ni kumfundisha. Tapeli anaweza kufungua akaunti zake mwenyewe na kujaribu humo mpaka apite. Anayebaki gizani ni mama wa Mbagala.

Na matapeli wenyewe wanapita! Nani kati yetu hajapata ujumbe wa simu wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilibidi iweke namba 15040 ya kuwaripoti. Laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole na bado ujumbe unaingia, lakini maombi ya kazi ya binti aliyemaliza chuo yanazuiwa kwa sababu ameandika neno "haraka" na kuambatisha faili tatu.

Ukishaliona jambo hili kwenye baruapepe, unaanza kuliona kila mahali. Afisa "ametoka kidogo", umekaa kwenye benchi, na kila mtu pale ofisini isipokuwa wewe anajua kwamba yuko safarini Dodoma. Simu ya huduma kwa wateja inakuchezea muziki na haisemi kuna watu wangapi mbele yako. Fundi wa friji yuko njiani tangu asubuhi. Kwa kopi za kitambulisho napata riziki, lakini nasema hata hivyo: mtu mwenye namba ya NIDA ya tarakimu 20, ambayo ofisi inaweza kuihakiki kwenye mfumo, hana sababu ya kupanga foleni kwangu apate karatasi ya kuthibitisha kile ambacho kompyuta yao inakijua. Hilo angalau analiona na kulilalamikia.

Kuna kitu kingine kinachonisumbua. Anayeweka chujio kali anaokoa muda wake, na ni haki yake. Lakini muda ule hauishii hapo, unahamia kwa mwingine, na mara nyingi huyo mwingine ndiye mwenye muda mgumu zaidi: anayelipa nauli, aliyefunga kibanda ili aje, asiye na namba ya mtu wa ndani wa kumuuliza. Mwenye kujuana hapotezi kitu. Anapiga simu, "Bro, angalia kwenye spamu," na mambo yanaenda. Tumechukua chombo kilichoweza kumfikisha mtu yeyote popote kwa gharama ileile, tukairudisha humo njia ya kujuana.

Kwa wateja wangu nimeweka utaratibu. Kila barua yenye tarehe ya mwisho inafuatwa na simu au ujumbe mfupi: nimetuma leo, kwa jina hili, kichwa cha barua ni hiki, naomba mtazame na folda ya spamu. Wengi wanaona aibu kupiga, hasa vijana wanaowaandikia wakubwa, nami nawaambia hakuna aibu, ni kazi. Na msichelewe: Gmail inafuta vilivyomo kwenye folda hiyo baada ya siku 30, na baada ya hapo huna hata cha kuonyesha.

Wenye ofisi nawaomba mambo madogo. Kabla ya kufunga zabuni au nafasi ya kazi, mtu mmoja afungue folda ya spamu na kuipitia, kama sehemu ya kazi, iandikwe kwenye majukumu yake. Tangazo liwe na namba ya simu inayopokelewa. Fundi wenu aulizwe swali moja: barua tunazozizuia, mtumaji anaambiwa? Asipokuwa na jibu, atafute.

Kuna ofisi moja hapa mjini ninayoipelekea maombi ya wateja mara kwa mara. Ndani ya dakika chache inarudisha ujumbe: tumepokea, namba ya faili lako ni hii, jibu litatoka kabla ya tarehe fulani. Na linatoka. Wateja wangu wengi wamekataliwa na ofisi hiyo. Wanakuja kuprinti ile barua ya kukataliwa, wanaisoma wakiwa wamesimama pale kaunta, wengine wananiomba niwafafanulie kipengele kimoja au viwili, kisha tunakaa chini tunaandika maombi ya sehemu nyingine siku hiyohiyo.