Walioponea Chupuchupu Nao Wahesabiwe

Mtoto anashuka kwenye ukingo wa barabara. Gari linakata kona, breki zinalia, linasimama hatua moja kutoka kwake. Mtoto anakimbia, dereva anapumua, kila mtu anaendelea na safari yake. Tukio hilo haliandikwi popote. Kwenye rejista ya ajali, makutano hayo bado ni salama.

Hapo ndipo ninapoona faida kubwa ya vihisi vya barabarani, yaani kamera, rada na miale ya leza. Hupima umbali na kasi, kisha hukokotoa sekunde zilizobaki kabla ya kugongana. Gari la kilomita 50 kwa saa hula karibu mita 14 kila sekunde. Likiwa mita 20 kutoka kwa mtu na halijapunguza mwendo, imebaki sekunde 1.4. Wataalamu wengi huhesabu chochote chini ya sekunde 1.5 kuwa hatari. Wazo lenyewe la kuhesabu walioponea chupuchupu ni la zamani: katika miaka ya 1960 watafiti wa kampuni ya magari ya General Motors walihesabu kwenye makutano taa za breki zilizowaka ghafla na magari yaliyokwepana. Kilichobadilika ni kwamba mashine haichoki. Na kwa kuwa Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo milioni 1.19 barabarani kila mwaka, kungoja maiti ndipo tujue pa kuweka tuta ni ukatili.

Lakini kuona si kuelewa. Machi 2018, mjini Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber linalojiendesha lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka usiku huku akisukuma baiskeli. Vihisi vilikuwa vimemwona sekunde 5.6 kabla. Wachunguzi walikuta kwamba mfumo ulimwita mara gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli, na kila ulipobadili jina ulisahau alikokuwa akielekea. Haukuwa umeundwa kutarajia mtu anayevuka pasipo na kivuko. Ilhali watu huvuka popote, tena kila siku.

Kwa hiyo nazitenganisha kazi mbili. Kihisi kinachoamua breki ishikwe sasa hivi, kosa lake moja linaua. Nacho kikipiga king'ora ovyo, dereva atakizoea na kukipuuza. Kinachohesabu hatari za mwezi mzima ili wahandisi warekebishe taa au kivuko kinaweza kukosea mara kadhaa na bado kikasaidia. Hicho ningekifunga hata kesho, ilimradi picha za watu zifutwe mara hesabu ikishatoka.

Kina upofu wake pia. Kisipotambua kiti cha magurudumu au mkokoteni, makutano yanayowatisha wenye navyo yataonekana shwari, na fedha za matengenezo zitapelekwa kwingine. Kabla hakijaaminiwa, watu wasimame hapo na kalamu wahesabu pamoja nacho: usiku, mvua ikinyesha, na mwenye kiti cha magurudumu akivuka.