Msinilinganishie kaseti za flashi kwa bei

Nimekutana tena na ule ushauri kuhusu kaseti za flashi, zile unazopachika kwenye mashine ya gemu ya mkononi kama Nintendo DS ili ucheze gemu zilizo kwenye memori kadi: "Chukua R4 yoyote ya bei poa, zote ni zile zile." Anayesema hivyo ama hajawahi kumiliki mbili, ama anaziuza.

R4 ya mwanzo ilikuwa kaseti ya kueleweka. Unapachika memori kadi, unaisukuma kwenye DS Lite, unacheza. Kasoro yake ni kwamba haikubali memori kadi inayozidi GB 2. Halafu wakaja waigaji, na sasa R4 imekuwa kama jina la Juma: ukiliita sokoni wanageuka watu hamsini. Haya, nikubali kidogo: nyingi kati ya hizo za kuiga zinasoma memori kadi kubwa kuliko mama yao, na bei yake haimtishi mtu.

Lakini kuna zile zilizotegeshewa tarehe. Hapo ndipo damu inanichemka. Programu yake inaangalia saa ya DS. Siku iliyopangwa ikishapita, menyu inafunguka vizuri tu, gemu zote unaziona, ukigusa mojawapo unakula ujumbe wa hitilafu. Hakuna kilichoungua wala kulegea. Mtengenezaji aliketi, akachagua siku ambayo kitu ulichokilipia kitagoma, halafu hakuandika neno kwenye boksi. Maziwa ya pakiti yana heshima zaidi, tarehe yake unaiona.

Mdogo wangu alinaswa na kaseti ya aina hiyo, nusura apoteze mashine. Fundi alishamwambia mashine imekufa, amwachie aitoe vipuri. Utaalamu huo! Mashine ilikuwa nzima, kioo cha juu na cha chini safi, hata bawaba haijapasuka, na mnajua bawaba za DS Lite zilivyo.

"Si urudishe saa nyuma?" Ndiyo, inakubali. Ila jaribu kucheza Animal Crossing: Wild World namna hiyo, gemu inayokwenda na kalenda ya mashine. Unapalilia magugu ya mwaka usiokuwapo ili kumridhisha tapeli asiyekujua.

Dawa ya kweli imetoka kwa watu wasiolipwa. Kaseti nyingi za aina hiyo zinakubali YSMenu, programu ya menyu unayoiweka kwenye memori kadi badala ya programu ya kiwandani, na mambo ya tarehe yanaishia hapo. R4 ya mwanzo nayo, waliyoitelekeza watengenezaji wenyewe, ilipata programu ya Wood R4. Acekard 2i, kaseti nyingine ya DS, ilibebwa na programu ya AKAIO, kazi ya mashabiki. Kwa hiyo mtu akinipa jedwali la rangi za menyu na kasi ya kufungua gemu, naruka moja kwa moja hadi swali hili: je, nikiitupa programu ya kiwandani, kuna nyingine itakayokaa? Kama haipo, hujanunua kaseti, umeazimwa.

Na kaseti ya DSTWO? Ilikuwa na prosesa yake ndani, ikaendesha hata gemu za GBA (Game Boy Advance, mashine iliyotangulia DS). Ililamba betri vibaya sana.

Kwa wenye GBA yenyewe, angalieni gemu inasevu wapi. Kaseti ya EZ-Flash IV inategemea betri yake ndogo hadi utakapowasha tena ndipo ihamishie kwenye memori kadi. Betri ikikata katikati, kazi yako imekwenda. EverDrive, kaseti nyingine ya GBA, ni nzuri, bei yake inauma, basi.

Na ndiyo, najua. Mahakama ya Japani mwaka 2009 na ya Uingereza mwaka 2010 zilisimama na Nintendo dhidi ya wauzaji wa kaseti hizi, na wengi wetu hatukununua R4 ili kucheza gemu za kujitungia. Sibishi. Ila duka la mtandaoni la DSi lilifungwa 2017, la 3DS likaacha kuuza 2023, na kaseti za gemu za DS zilizobaki sokoni ni za mitumba, nyingi zikiwa feki. Mwenye zake halali anayetaka kuzihifadhi naye anaishia kwa wauzaji hawa hawa, anauziwa bomu la tarehe kwa tabasamu.

Ukienda kununua, uliza jina la programu iliyomo. Muuzaji akianza kukusifia stika, rudisha pochi mfukoni.