Thumuni ya Shangazi

Muulize mzee yeyote wa Mji wa Kale au Bombolulu, hapa Mombasa, kama ameandika wasia kwa wakili, jibu ni hilo hilo: "Wanangu wanajua." Na kweli wanajua. Wameambiwa mara kadhaa, chai ya jioni ikinywewa, nani atachukua chumba cha mbele na nani atabaki na mama yao.

Kwa wasio Waislamu, Sheria ya Mirathi ya Kenya, Sura ya 160, inayakubali maneno kama hayo yakisemwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, mradi msemaji afe ndani ya miezi 3. Akisema Januari akafa Machi, wasia umesimama. Akijaliwa kufika Juni, umeanguka. Uzima wake ndio uliomponza! Niliwahi kulieleza hili barazani, watu wakadhani nafanya mzaha.

Waislamu wao mirathi yao yafuata sharia, na hapo ndipo wasiotaka wakili wanapopata nguvu. Mungu amekwishagawa, wanasema, Surat An-Nisaa iko wazi, na mahakama ya kadhi ipo. Wakili wa nini, tena atoze ada na kuandika Kiingereza ambacho mwenye mali hasomi? Wengine wanahofia kwamba kumwita wakili ni kuwagombanisha watoto nawe ungali unawasikia. Hili la mwisho silipuuzi. Nimeona ndugu wawili wakiacha kusalimiana kwa karatasi ambayo baba yao hata sahihi hajaitia.

Lakini mafungu kujulikana ni jambo moja, na mali kujulikana ni jingine.

Shangazi yangu anaishi Majengo, katika nyumba ya vyumba sita aliyoijenga mumewe. Kuna karani mmoja mjini aliyemwandikia wasia kwa kunakili wa mtu mwingine: "nyumba yangu na kiwanja chake nawaachia wanangu, na chumba kimoja mjukuu wangu." Alilipa, akaenda nao nyumbani ameridhika. Bintiye ndiye aliyemshika mkono hadi kwa wakili.

Wakili hakushika kalamu kwa muda mrefu. Aliomba mfuko wa nailoni wenye risiti za kodi ya ardhi, zilizofungwa kwa mpira, akazipekua moja moja. Kiwanja ni cha familia nyingine. Hii ni ile nyumba bila ardhi tuliyoizoea Mombasa, unajenga juu ya ardhi ya mtu na kumlipa kodi. Basi kiwanja kikatoka. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza: marehemu mumeo, mirathi yake iligawiwa? Haikugawiwa. Aliacha watoto, kwa hiyo fungu la mke katika nyumba ile ni thumuni, 1/8. Shangazi alikuwa anawagawia wanawe nyumba ambayo sehemu kubwa yake ni yao tayari.

Na yule mjukuu? Baba yake alifariki kabla ya babu. Ami zake wako hai, kwa hiyo wanamzuia: hakurithi kwa babu na hatarithi kwa bibi. Mtoto aliyelelewa kwenye chumba kile tangu ananyonya, kwenye hesabu ya mafungu hayumo. Wanaosema "Mungu amekwishagawa" husahau kwamba sharia hiyo hiyo imeacha theluthi, baada ya mazishi na madeni, mtu amuusie asiye mrithi. Ndio mlango wa mjukuu huyu, nao haufunguki wenyewe. Lazima bibi aseme akiwa hai. Theluthi ya thumuni ni 1/24 ya nyumba. Hicho si chumba. Wakili akauliza ana nini kingine, ndipo zikatajwa bangili za dhahabu, ambazo ni zake peke yake.

Kwa mwenye akaunti moja na mrithi mmoja, ada ya wakili naiona ni hasara. Familia za namna hiyo mimi nawajua wachache.

Rasimu ilipelekwa kwanza kwa sheikh anayemwamini. Siku ya sahihi, wakili aliisoma yote kwa Kiswahili mbele ya mashahidi wawili wasio na fungu. Shangazi alimsimamisha mara moja tu, kwenye jina la mjukuu: limeandikwa kwa "h", na cheti cha kuzaliwa hakina.