Mnaodai uhalisia, pandisheni joto kwanza

Mabishano ya wacheza gemu za ndege za kivita hapa Mtwara hayaishi, na karibu yote ni ya spidi. Mtu kasoma kwamba Spitfire ya Waingereza ya 1940 ilifika kilomita 570 kwa saa. Akiipeleka kwenye gemu ikagoma 550, basi watengenezaji wanaipendelea Messerschmitt ya Wajerumani. Sijawahi kusikia mtu akilalamika kwamba ndege aipendayo inakimbia kupita kiasi.

Hiyo 570 ilipatikana kwenye kimo cha mita 5,500 hivi. Chini karibu na bahari ndege ileile ilikuwa ya polepole zaidi ya hapo, na ukiitilia petroli bora ya oktani 100 badala ya 87, injini ikaruhusiwa kusukumwa zaidi, iliongeza kama kilomita 40. Bodaboda yeyote wa hapa anajua kwamba 140 iliyoandikwa kwenye dashibodi haihusiani na abiria wawili na gunia la korosho kwenye mlima wa Mikindani.

Halafu kuna hewa. Chati nyingi za spidi za ndege husahihishwa zilingane na siku ya nyuzi 15 usawa wa bahari. Nyuzi 15, jamani! Shangani yetu hapa Mtwara mchana wa Desemba ni 31 au 32, na hewa hiyo ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 5: injini inapungukiwa, panga boi inapungukiwa, mabawa nayo vilevile. Waingereza walionja hilo jirani yetu tu. Mwaka 1915 walileta ndege za majini za Sopwith kuisaka manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha delta ya Rufiji, na kwa joto la huku hazikufua dafu. Gemu ya ndege ya DCS World inakuruhusu kupanga halijoto ya siku. Weka 32, jaza mafuta na mabomu, kisha uje tuzungumze uhalisia (umeme ukiwepo).

Mimi gemu naipima kwa tabia za ndege. Injini ya Merlin ya Spitfire za mwanzo ilikuwa na kabureta ya boya. Rubani akisukuma fimbo ya kuongozea mbele ghafla, petroli ilikimbilia juu na injini ikakohoa. Ya Messerschmitt 109 ilipuliziwa petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo Mjerumani aliyebanwa aliinamisha pua tu akajiendea zake. Mwaka 1941 mhandisi Beatrice Shilling alileta kidude chenye tundu dogo cha kubana petroli, na shida ikapungua sana. Gemu ikikosa kikohozi hicho, spidi sahihi ya nini?

Lakini na hiyo 109 ilikuwa na dhambi yake: ikienda kasi sana, fimbo iligeuka nzito kama imechomelewa. Joistiki ya mezani ina springi moja, uzito uleule kwa spidi zote, kwa hiyo anayeamua rubani ana misuli kiasi gani ni mwandishi wa programu. Hapo ndipo pa kubishania, maana hakuna chati inayokupa jibu moja. Mimi ningelipia gemu inayoninyima nguvu mkononi kabla ya ile inayoniongezea kilomita 20. Na kama 109 yako inakata kona kwenye 650 sawasawa na kwenye 350, sina haja ya kuona video yako.