Riwaya Haijiuzi, Sharti Inadiwe

Methali isemayo kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza imekuwa ngao ya waandishi wengi wa hapa Lamu, ambao huona haya kuitaja kazi yao mbele za watu. Naikubali methali hiyo katika mambo mengi, lakini katika riwaya naipinga waziwazi. Mlango wa nakshi huonekana na kila apitaye njia, hali uzuri wa riwaya umefungwa ndani ya kurasa mia mbili, na hakuna atakayeujua mpaka mtu amfungulie.

Wenzetu washairi hawana taabu hii. Mwana Kupona binti Msham alipomtungia bintiye utendi mwaka 1858, kazi ile ilienea kwa kughaniwa na kunakiliwa kwa mkono, ikawafikia hata wanawake wasiojua kusoma. Hata leo shairi likighaniwa vizuri arusini, kunapokucha limeshasikilizwa katika simu za mitaa ya Mkomani na Langoni. Mshairi hupata wasikilizaji kabla ya kupata mchapishaji. Mwandishi wa riwaya hujifungia chumbani miaka miwili, kisha hushangaa kwamba hakuna anayemngoja nje.

Rai yangu ni kwamba riwaya nayo ipewe sauti, tena mapema, wakati ingali mswada. Chukua sura moja, nenda nayo barazani baada ya sala ya isha, uwasomee watu wawili watatu wanaokuvumilia. Usiwaulize kama ni nzuri, kwa sababu adabu zetu hazimruhusu mtu kusema ni mbaya. Utaambiwa mashallah na mazungumzo yataishia hapo. Waulize wanadhani nini kitatokea baadaye. Wakianza kubishana kuhusu mhusika wako kana kwamba ni jirani yao, sura imesimama. Wakijibu kwa heshima tu, rudi mezani. Uangalie pia ni aya gani iliyowafanya watoe simu mfukoni, maana aya hiyo mara nyingi ndiyo uliyoipenda kuliko zote, yenye maelezo marefu ya machweo na upepo wa kaskazi.

Kusoma kwa sauti huumbua mazungumzo ya uongo upesi kuliko njia nyingine yoyote ninayoijua. Bibi aliyezaliwa Lamu na kuzeekea Lamu hamwambii mjukuu wake, "Njoo hapa, jana ulikuwa wapi?" kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Husema, "Ndoo hapa, yana ulikuwa wapi?" na msomaji wa Nakuru au Dodoma ataelewa kutokana na muktadha bila kuandikiwa faharasa. Msimulizi na abaki na Kiswahili sanifu kama mwandishi ataka hivyo, lakini wahusika waachiwe vinywa vyao. Vivyo hivyo katika kazi za mikono: anayetaka kuandika juu ya fundi wa majahazi wa Matondoni, aende akakae naye mpaka ajue keekee ya kutobolea mbao inavyoshikwa, na kalafati ya kuzibia nyufa inavyopigwa katikati ya mbao. Neno moja la kweli la ufundi humfanya msomaji akuamini hata pale unapobuni.

Kuhusu hamu ya kuandika sina mengi. Asiyeandika mpaka moyo umtume hatamaliza. Maneno 300 kwa siku ni kama ukurasa mmoja, nayo kwa siku 180 ni maneno 54,000, ambayo ni riwaya kamili ya kurekebishwa. Kila mtu ajichagulie saa yake, na watu wa nyumbani waijue.

Jambo linalowasumbua wengi ni kujinadi, kwa kuwa tumelelewa kuchukia majivuno, na ni malezi mema. Hata hivyo kujisifu na kutoa habari ni mambo mawili tofauti. Anayesema "nimeandika riwaya bora" amejisifu, na anayemsikia hana la kuuliza. Anayesema "nimeandika habari za nahodha aliyerudi Lamu akakuta nyumba ya babake imeuzwa" amesimulia, na papo hapo ataulizwa, "Imeuzwa na nani?" Hapo ndipo pa kutaja kitabu kinapatikana wapi na kwa bei gani, bila kunong'ona. Vilevile usitupe tangazo moja katika makundi hamsini ya WhatsApp. Mtumie mtu ujumbe wa sauti wa dakika mbili ukisoma pale kisa kinapoanza kukaza, ukatike pale anapotaka kujua zaidi. Shule pia hufurahi kutembelewa na mwandishi, na mwanafunzi aliyemsikia mtu wa mtaani kwao akisoma riwaya yake huipeleka habari hiyo mpaka nyumbani.

Wapo wanaoandika huku jicho lao likiwa kwenye orodha ya vitabu teule vya shule. Naelewa sababu, kwa maana ndilo soko kubwa la riwaya ya Kiswahili nchini Kenya, lakini mwandishi anayemwandikia mtahini huanza kuwahubiria wasomaji kabla hata kisa hakijakaa sawa, na kitabu kisipoteuliwa hubaki hakina mwenyewe. Afadhali kuandika kisa chenye nguvu, kisha kukipeleka kote kunakopokea miswada. Tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiafrika, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa ajili ya kazi za Kiswahili, hupokea hata miswada ambayo haijachapishwa, na kushiriki hakumtaki mwandishi awe na jina. Mswada ukirudi bila kufaulu, wale waliousikia barazani bado wapo, na nakala za mwanzo, hata zikiwa chache, zichapwe kwa ajili yao.