"Angalia muktadha" haitoshi kwa mtoto wa Kongwa

Huku Dodoma mtoto akikwama kwenye neno lenye maana mbili, walimu na hata sisi wazazi tunamjibu kitu kilekile, angalia muktadha. Mi hilo jibu nalikubali nusu.

Wanaoliamini wana hoja nzito. Chukua neno mbuzi, ni mnyama na pia ni kifaa cha kukunia nazi. Ukisoma "nazi zilishapasuliwa, Asha akavuta mbuzi" hakuna anayewaza mnyama, nazi imeshatangulia. Na Kiswahili kinatubeba kwa upatanisho pia, mbuzi yule ni wa zizini, mbuzi ile ni ya kukunia, ubishi umeisha.

Sasa geuza: "Asha alivuta mbuzi mpaka jikoni akaanza kukuna nazi". Msaada umekuja mwishoni, mtoto ameshaona mnyama anaburuzwa, inabidi arudi nyuma asome upya. Tena hata msaada ukitangulia kazi haijaisha. Mwaka 1979 mwanasaikolojia Mmarekani David Swinney alionyesha kwamba mtu akisikia neno la hivi, maana zote mbili zinaamka kichwani hata kama maneno ya mwanzo yameshaelekeza, afu baada ya silabi chache inabaki inayofaa. Hapo ni kusikiliza. Kwenye kusoma, mwaka 1988 watafiti Duffy, Morris na Rayner walifuatilia macho ya wasomaji, na walichokuta ndo kinanigusa zaidi: muktadha ukielekeza kwenye maana isiyozoeleka, jicho linakaa muda mrefu zaidi pale kwenye neno.

Na iliyozoeleka ni ipi? Inategemea umekulia wapi. Mtoto wa Kongwa au Chamwino anaona mbuzi wanapita kila siku, nazi inatoka Pwani, mboga za kwao nyingi zinaungwa kwa karanga. Wa Tanga amekulia na mbuzi zote mbili. Wape hao wawili kifungu kimoja cha mtihani, huyu wetu anafanya kazi kubwa zaidi kwa mstari uleule, na kama ile mbuzi ya pili hajawahi kuisikia kabisa basi muktadha hauna cha kumchagulia, labda awe mwepesi wa kukisia kutoka kwenye hayo maneno ya kukuna nazi, wapo wanaoweza, ila wengi wanapita tu.

Kwa hiyo mwalimu aulize kwanza darasani nani anaijua mbuzi ya nazi, ikibidi aichore ubaoni, ndo wasome. Na mtunga mtihani aweke nazi kabla ya mbuzi.