Nimeacha Balungi

Jamani, mimi nimeacha balungi. Naomba mnipongeze ninyi, maana nyumbani kwangu hakuna hata mmoja aliyeona.

Nilipima damu, daktari akatazama karatasi, akanitazama tumbo, akarudi kwenye karatasi. Lehemu, yaani kolesteroli, imepanda. Nikaandikiwa atorvastatin, miligramu 20, kidonge kimoja kila siku. Na si dozi ya kumaliza kama ya malaria. Hii ni ndoa. Nikauliza, roho mkononi: "Daktari, hii inagombana na chakula gani?" Nikafumba macho nisubiri neno nyama.

Akasema balungi. Ukilizidisha, dawa inajazana mwilini na misuli inaweza kuumia.

Balungi! Mara ya mwisho kulila sikumbuki hata nani alikuwa rais. Nikaapa palepale, silishiki tena.

Nimeshasimama, akaniambia kaa kwanza mzee wangu. Akaeleza kuwa lehemu nyingi inatengenezwa na ini langu mwenyewe. Nikaona ng'ombe kaachiwa huru mahakamani. Kumbe kesi bado. Dawa inalibana ini lisitengeneze sana, lizoe ile lehemu mbaya iliyomo kwenye damu, lakini mafuta ya nyama yanalifanya lizembee kuzoa. Yaani namlipa mzoa taka asubuhi, jioni nalaza gogo njiani lori lake lisipite. Basi nyama nyekundu mara mojamoja, iliyotolewa mafuta, kipande kisichozidi kiganja.

Kiganja cha nani, hakusema. Nina shemeji fundi uashi, nafikiria kumwazima.

Tatizo langu si nyama, tatizo ni kituo cha daladala. Nikishuka, lazima nipite pale kwa wachoma nyama. Dogo anageuza ubavu, mafuta yanadondokea mkaa, chwaaa, moshi unawaruka abiria wote unanifuata mimi. "Mzee, nikukatie ya kuonja?" Ya kuonja haipandi mizani, kwa hiyo haihesabiki. Anakata juu ya gogo, anasogeza chumvi na pilipili, nakula nimesimama, maana nikikaa nitakuwa nimekula. Nikishaonja mara ya nne miguu inachoka, nakaa.

Nyumbani Mama Neema hagombi. Ananusa kola tu. "Baba Neema, siku hizi daladala zinatembelea mkaa?" Mezani ugali na mlenda, na kidonge kimelazwa kwenye kisosi kama ndiyo kitoweo.

Ila kinachoniuma ni hiki. Yeye naye alipima, siku ileile. Chungu kimoja miaka ishirini, na mwanamke huyu hugombania nundu na watoto wake wa kuwazaa, karatasi yake ikatoka nyeupe pe! Daktari akasema kurithi nako kumo. Marehemu baba aliniachia shamba la mawe na ini hili. Kaka yangu alichukua nyumba.

Juzi asubuhi naaga, ananiita. "Ukirudi jioni nipitishie nundu, nusu kilo. Na usionje."

Nimeileta. Ya moto, kwenye gazeti, kifuani, mwendo wa dakika kumi, mate yananitoka kama mtoto anayeota meno. Nikamkabidhi nzima. Akaketi, akaanza kula, nami macho kodo.

"Usinikodolee macho," akasema. "Wewe nimekuwekea tunda pale."

Nikafunua kawa. Balungi.